Setilaiti ya Alhamisi

"Umeiona?"

"Nimeiona, mpenzi. Inapita juu yangu sasa hivi."

"Inaelekea wapi?"

"Mashariki, kama kawaida yake. Leo inawaka kweli."

Onalenna aliinua macho tena. Alikuwa amesimama uani kwao Serowe, blanketi mabegani, simu sikioni, na juu yake hakukuwa na kitu kinachotembea. Kitu walichokuwa wakikisubiri, kile kituo cha wanaanga kinachozunguka dunia kama setilaiti, kilitokea kusini-magharibi kwa wakati uliotajwa na programu ya simu, kikapanda mpaka karibu na utosi, kisha kikafifia na kupotea kwenye kivuli cha dunia. Dakika nzima ilikuwa imepita. Huko Letlhakane alikokuwa mchumba wake, Mooketsi, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi, kingepotea vilevile.

"Bado unaiona?"

"Bado. Ndiyo inazama sasa."

"Haya. Lala salama."

Aliingia jikoni. Dada yake, Sethunya, alikuwa akisonga bogobe, ugali wa mtama.

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Mooketsi ananidanganya."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu setilaiti."

Sethunya alicheka mpaka akaacha mwiko. "Wenzako wanadanganywa kuhusu wake wa pembeni, wewe setilaiti."

Lakini Onalenna hakucheka. Mooketsi ndiye aliyemfundisha mambo ya angani, miaka miwili nyuma, alipokuja posta, anakofanyia kazi Onalenna, kuchukua kifurushi cha darubini ya mkono. Yeye ndiye aliyemwonyesha kwamba ndege hupepesa taa na setilaiti haipepesi. Tangu alipohamia mgodini, mchezo wao ulikuwa huo: kitu kimoja, saa moja, kila mtu uani kwake. Mtu aliyeanzisha mchezo huo hawezi kukosea namna ile. Labda hatoki hata nje. Na kama hatoki nje, yuko na nani ndani?

Usiku ule hakupata usingizi, na kesho yake alipiga mihuri bahasha za watu mahali pasipo pake. Jumatano akaandika ujumbe: "Kesho saa moja kasoro robo jioni kuna kubwa inatokea kaskazini. Usikose."

Hakukuwa na kitu. Aliitunga.

Alhamisi, saa moja kasoro dakika kumi, simu ikalia kwa ujumbe: "Nimeiona. Nilitamani ungekuwa hapa."

Akapiga hapohapo. Kabla Mooketsi hajasema neno, ikasikika sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu: "Nipe mkono. Taratibu, hapo kuna shimo."

"Nitakupigia baadaye," Mooketsi alisema, akakata.

"Si nilisema," Sethunya alimwambia. "Mpigie umuulize huyo ni nani."

"Nikimuuliza atanijibu nini? Atasema ameiona na hiyo."

Wajomba wa Mooketsi walikuwa waje kuposa Agosti, wiki tatu tu zimebaki. Jumamosi Onalenna alipanda basi la mchana bila kumwambia mtu isipokuwa dada yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, akiyafuta, akipanga mengine. Alifika jua limeshazama, mwanga mdogo umebaki. Katika ua wa nyumba alikopanga Mooketsi taa zilikuwa bado hazijawashwa. Akasimama kando ya bomba.

Hakukaa sana. Lango likafunguka, Mooketsi akaingia, na mwanamke amemshika kiwiko. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, mkate kwapani. Wakaja moja kwa moja mpaka hatua tatu kutoka kwake. Mooketsi akageuza uso upande wake, macho yakampita, akasalimia kwa heshima wanayopewa watu wasiojulikana:

"Dumela, mma."

Maneno yote ya kwenye basi yakampotea Onalenna.

"Mooketsi."

Yule kijana akasimama kama aliyegonga ukuta. "Onalenna? Uko wapi?"

"Niko mbele yako."

Mama yule akamwachia kiwiko. "Mimi ni Mma Tiro, mwenye nyumba. Nimemwambia mara ngapi akwambie, hasikii. Ongeeni. Mimi nakwenda kuwasha moto."

Walikaa kwenye benchi la ukutani. Mooketsi akaeleza akiangalia chini. Ilianza baridi ya mwaka jana. Daktari wa macho Francistown alisema jicho linakufa kuanzia pembeni, na kuona gizani ndiko kunakotangulia kupotea. Mchana alikuwa bado anaona.

"Na kila jioni unaniambia umeiona."

"Natoka nje kweli. Nasimama hapo. Nakadiria kwa saa tuliyopatana, halafu nasema nimeiona."

"Kazini wanajua?"

Mooketsi akashika ukingo wa benchi. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mawe la mgodini, lile ambalo tairi lake peke yake linampita mtu urefu.

"Nimekuuliza."

"Hawajui. Zamu za usiku nabadilishana na wenzangu."

"Wote wanakubali?"

"Walikubali. Jumatatu sina wa kubadilishana naye."

"Kwa hiyo Jumatatu usiku unafanya nini?"

"Kule kwenye shimo la mgodi kuna taa, Onalenna."

"Sijauliza taa. Unafanya nini?"

"Ningeendesha."

Alikuwa amekuja tayari kumchukia kwa sababu ya mwanamke. Kumbe mwanamke hakuwepo, na kifua chake hakikupata hata dakika ya kufurahi. Aliona lori linarudi nyuma, na watu wenye kofia ngumu wanaotembea wakiamini dereva anawaona.

"Ungeua watu," alisema. "Ungekufa na wewe. Na mimi ningekuwa kitandani nimelala, najua mchumba wangu yuko kazini."

"Wajomba zako wananipokea kwa sababu ya hiyo kazi. Nikiwa sina kazi na sina macho, watanipa binti yao kwa lipi?"

"Hukuniuliza mimi."

"Niliogopa jibu lako."

"Basi lisikie. Jumatatu asubuhi uende kwa bosi wako ukaseme. Ukipanda lile lori, usinipigie tena."

"Na nikisema, tutaoana?"

"Sijui. Nina hasira na wewe, Mooketsi. Sijui."

Alilala kwa Mma Tiro, akageukageuka mpaka kukapambazuka. Asubuhi Mooketsi alimsindikiza stendi. Alipotaka kumkumbatia, Onalenna alimpa mkono tu.

Jumatatu saa nne asubuhi, foleni ya posta imefika mlangoni, ujumbe ukaingia: "Nimesema." Saa saba ukaja mwingine: "Wamenipima. Wameninyang'anya kibali cha kuendesha. Wanasema labda stoo. Hawajaahidi."

Onalenna alipiga alipofunga dirisha lake la posta.

"Umeumia?" aliuliza.

"Sana. Lakini jana usiku ndiyo mara ya kwanza nimelala tangu Aprili." Kisha akauliza: "Niwaambie wajomba wasije?"

Onalenna aliangalia barabarani, watu wakipita na mifuko yao.

"Waje. Lakini wasifiche kitu."

Walikuja Jumamosi ya tatu ya Agosti, alfajiri, koti juu ya koti kama wageni ambao hawajakaribishwa kukaa, wakasema yote: macho, lori, kazi ya stoo ambayo sasa Mooketsi alikuwa ameipata kwa mshahara mdogo. Mjomba mkubwa wa Onalenna alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akaagiza binti aitwe. Onalenna akapiga magoti mbele ya wanaume wale wote.

"Mtoto huyu wa watu alikudanganya mwaka mzima," mjomba alisema. "Na wewe unamtaka. Unamjua vizuri?"

"Nilidhani namjua, malome," Onalenna alimjibu mjomba. "Sasa ndiyo namjua."

Mjomba akawageukia wageni.

"Haya, vueni makoti," akasema. "Tuongee."