Kilo Tisa za Mama Issa

Jumatano ile, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda kwa fundi Menza pale Msambweni anikatie begi.

Si kushona. Kukata. Mikanda iliyozidi, mifuko ya pembeni, mfuniko wa juu usio na kazi. Nilikuwa nimepakia kila kitu ndani, na nimekuja na mizani ya ndoano ya shemeji yangu, ile ya kupimia samaki. Kabla ya mkasi ilisoma kilo tisa na nusu. Baada ya mkasi, tisa kamili.

"Mama Issa, hata mswaki umeukata?" Menza alicheka alipoona kipande cha mswaki kwenye mfuko wa nailoni.

"Mpini hausafishi meno," nikamwambia. "Kata na ule mkanda wa kifuani."

Sikuwa na nafasi ya kucheka. Kampuni ninayoifanyia kazi huwatembeza wageni kwa miguu kutoka Kikoneni hadi ufukweni, siku mbili, wakilala njiani usiku mmoja. Mimi nilikuwa mpishi wa vibarua. Sasa walitaka kiongozi mmoja wa wageni wanawake, wa kudumu, na Jumamosi tungejaribiwa wawili. Bosi wetu Japheth, mtu wa bara, alituambia wazi: atamchukua mwenye begi jepesi na pumzi ndefu, kwa sababu mgeni akichoka, kiongozi ndiye atakayemsaidia mzigo.

Wa pili alikuwa Fauzia. Jirani yangu. Tumesoma naye darasa moja hadi kidato cha nne.

Begi la Fauzia lilikuwa kilo tano.

Kila kitu ndani. Hema lililokunjika likaenea kiganjani. Blanketi la manyoya ya bata, ukilibana linakuwa kama embe. Kisufuria cha kijivu chepesi kama karatasi. Alipewa vyote na mgeni mmoja Mjerumani aliyeteguka kifundo cha mguu mwaka jana. Nani alimfunga yule mama mguu? Mimi. Nani alimkanda kwa maji ya moto na chumvi? Mimi. Fauzia alimshika mkono tu wakati wa kupanda gari, na begi likawa la Fauzia.

Mimi nililinunua langu mitumbani, lenye vyuma mgongoni. Vyuma niliving'oa kwa koleo. Hema nikaliacha, nikachukua turubai. Shuka, taulo na mtandio vyote vikawa leso moja. Wiki tatu nilipunguza gramu kwa gramu, watoto wamelala, na bado kilo tisa. Kila nilipopima nilimwona Fauzia anavyolitupia lake begani kwa kidole kimoja.

Nitasema kweli. Nilimwombea ateguke na yeye.

Jua lilikuwa linazama nilipoondoka kwa Menza. Nikakata njia ya nyuma, kati ya minazi na viwanja visivyojengwa. Begi nilikuwa nimelibeba kichwani kama ndoo, maana mikanda Menza alikuwa amenikatia mifupi mno. Katikati ya njia mwiba ukanichoma. Nikatua begi, nikainama kuutoa.

Adhana ya magharibi ikaanza. Ikaisha.

Wadudu walikuwa wamenyamaza.

Kisha harufu... marashi ya waridi na udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Nikutwike?"

Alikuwa mwanamke amesimama hatua tatu mbele yangu. Kaniki nyeusi. Umri wake sikuweza kuujua. Shingo yake ilikuwa imezama mabegani, mishipa imemtoka, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeshikilia kitu kichwani ili kisianguke.

Kichwani hakukuwa na kitu.

Nikamtazama miguu. Sote tumelelewa na hadithi za majini wenye kwato. Ilikuwa miguu ya kawaida, pekupeku, visigino vimepasuka kama vyangu. Ningeona kwato ningekimbia.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. "Nikutwike, mwanangu. Umechoka."

Kilo tisa hazihitaji mtu wa kukutwika. Ndoo ya lita ishirini najitwika mwenyewe, na mtoto mgongoni. Lakini nilikuwa nimechoka kweli, na tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akainama, akashika begi kwa mkono mmoja. Halafu akasita.

"Mzigo wa nani huu?"

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha sisi wasichana tulipokuwa tukienda kisimani: anayekutwika akikuuliza mzigo wa nani, jibu ni moja tu, *wangu mwenyewe*. Hata ukiwa umetumwa. Hata kwa mzaha. Hakutuambia sababu, na hatukuthubutu kumwuliza.

Jibu nililijua. Lilikuwa mdomoni. Lakini nililiona lile begi la kijivu la kilo tano, nikaona kidole kimoja...

"Wa Fauzia," nikasema.

Mwanamke akashusha pumzi ndefu. Mkono wake wa kulia ukashuka polepole. Shingo ikanyooka, kifupa kwa kifupa, na nilikisikia kila kifupa. Akaniweka begi kichwani. Nilipogeuka kumshukuru, hakuwapo.

Na begi lilikuwa kama leso iliyokunjwa.

Nyumbani nililitundika tena kwenye mizani.

Kilo tisa.

Jumamosi alfajiri, Kikoneni, Japheth alipima mabegi yetu mbele ya vibarua wote. "Fauzia, tano. Safi sana! Mama Issa, tisa. Madam, hii bag ni kama unahama!"

"Si kuhama, bosi," Fauzia akasema, "amembeba mumewe humo." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Tukaanza. Nilitembea kama ninayekwenda msikitini Idi. Sikutoa jasho. Kufika saa nne nilikuwa mbele ya Japheth mwenyewe. Nilipogeuka nyuma nikamwona Fauzia mbali, ameinama, anatembea kama mtu anayepanda kilima, na njia ilikuwa tambarare.

"Mwenzangu, una nini?" nikamwuliza alipotufikia.

"Sijui." Midomo ilikuwa imemkauka. "Kuna mtu ametia mawe."

Tukalifungua begi lake. Hema, blanketi, kisufuria, tende. Basi. Mabegani mikanda ilikuwa imechimba hadi ngozi ikachubuka. Japheth akalibeba yeye lile begi. Fauzia akaendelea kutembea mikono mitupu, bila hata chupa ya maji. Na bado aliinama.

Kabla ya kufika kwenye mashamba ya miwa kuna mto mdogo. Hapo akapiga magoti majini. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeshikilia kitu kichwani ili kisianguke.

Nikakumbuka nilikouona mkono ule. Nikatua begi langu chini, haraka.

Fauzia akainua kichwa, akavuta pumzi kama aliyetolewa ndani ya kisima.

Nikalinyanyua, kidogo tu, kwa vidole viwili.

Uso wake ukaingia majini.

Ni Japheth aliyemtoa. Mimi nilisimama. Ningeweza kusema pale pale. Ningeweza kuliacha begi ng'ambo ya mto nikarudi nyumbani kuwa mpishi. Lakini Japheth aligeuka akanitazama, nguo zangu kavu, pumzi yangu shwari, akasema, "Mama Issa, umeweza. Kazi ni yako. Twende tumalize."

Nikajitwika.

Fauzia alirudishwa nyumbani kwa pikipiki, mtu wa pili amemshika kwa nyuma asianguke.

Nilidhani ni begi tu. Jumatatu nilichota maji, na ndoo ya lita ishirini ikaja juu kama kikombe. Nusu ya gunia la mahindi, nikalipeleka kinuni kwa mkono mmoja. Nikasikia ng'ambo ya ua Bi Ummi, mama yake Fauzia, anapiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu anavunjika!" Hospitali walipiga picha mifupa yote wakasema haina kitu.

Mara tatu nimerudi njia ile ya nyuma wakati wa magharibi, peke yangu, nikasimama nikasema kwa sauti, "Ni wangu. Mzigo ni wangu mwenyewe." Wadudu waliendelea kulia. Hakuna aliyekuja.

Jana alasiri nilikwenda kumwona. Singeweza kutokwenda, watu wangeuliza. Swabir wangu wa mwisho ana miaka miwili na hakuna wa kumwachia, kwa hiyo nilikwenda naye, nimembeba kiunoni.

"Karibu, mwanangu," Bi Ummi akasema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Pengine wewe utazungumza naye. Ngoja nikupikie chai."

Fauzia alikuwa amelala chali kitanda cha kamba. Kamba zimezama karibu na sakafu, na yeye amekonda. Begi lake la kijivu limetundikwa ukutani, safi. Naliandika hili kwa aibu: nililitazama kwanza begi.

Akafungua midomo. Niliinama kumsikia.

"Shoga..." akanong'ona. "Mtue huyo mtoto."

Nikamtua.

Kamba za kitanda zikalia, zikapanda. Fauzia akapumua. Alinitazama kwa muda mrefu, na hakuniuliza kitu. Mtu anayeuliza ni yule asiyejua.

"Nilikuwa nimechoka, Fauzia," nikasema.

"Sote tumechoka," akajibu.

Chai ikaja, nikainywa kwa kuinamia kikombe mezani bila kukishika, na Bi Ummi akanitazama kwa mshangao. Swabir alicheza na kifuniko cha chupa, kisha akalala pale sakafuni. Nje kukaanza giza. Muadhini akaanza kuadhini magharibi, na mtoto mdogo halali nje ya kwao saa ile.

Nikamtikisa aamke atembee. Hakuamka. Nikamtikisa tena.

"Mbebe tu, mama, amechoka," Bi Ummi akasema mlangoni. "Mtoto hana uzito."

Keshokutwa wageni kumi na mmoja wananingojea Kikoneni.

Fauzia akafumba macho. Akashika mbao za kitanda kwa mikono miwili, akauma meno.

Nikamwinua mwanangu.