Tiketi Mbili za Safari Moja

Mtaa mzima ulimwita Barafu, kwa sababu alikuwa fundi wa friji. Asubuhi ile alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya muuza maziwa, tochi mdomoni, simu yake ikaanza kulia. Aliiacha. Ikalia tena, na tena. Mke wake hakuwa mtu wa kupiga mara tatu.

Alipopokea, mkewe alimwambia aache kazi arudi nyumbani. Hakusema kwa nini. Barafu alikusanya bisibisi zake, akamwomba muuza maziwa radhi, akaondoka.

Baba yake alikuwa sebuleni, mikono juu ya magoti. Dada yake Barafu alikuwa amefariki.

Dada huyo ndiye aliyekuwa mkubwa. Mama yao alipofariki, Barafu akiwa bado mdogo, dada ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kusoma, na baadaye akamsomesha chuo cha ufundi. Kisha aliolewa nchi ya mbali. Huko alikuwa mpishi wa hospitali. Siku hiyo alianguka jikoni, kazini, na hakuamka tena.

Mumewe alipiga simu jioni. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema mazishi yangefanyika huko huko, kama mwenyewe alivyotaka. Alikuwa ameomba siku ya mazishi isogezwe mbele ili ndugu wapate kufika, lakini makaburi ya mji ule yalikwenda kwa zamu, na zamu yao ilikuwa imeshapangwa.

Mzee, baba yao, asingeweza kusafiri ghafla. Macho yake yalikuwa yanafifia kwa presha ya macho, na daktari alimtaka kliniki wiki hiyo hiyo.

"Nenda wewe," alimwambia Barafu. "Asizikwe bila mtu wa kwao."

Viza Barafu alikuwa nayo tayari. Alikuwa ameiomba ili aende kumtembelea dada yake mwaka huo huo. Kilichobaki kilikuwa tiketi.

Alikaa na mkewe wakatafuta kwenye simu. Tiketi ya safari nzima ilikuwa na bei ya kukata maini. Barafu alihangaika, akabonyeza huku na kule, mwishowe akagundua njia nyingine. Angenunua tiketi ya shirika moja hadi uwanja mkubwa wa ndege ulio katikati ya safari. Kisha angenunua tiketi nyingine, ya shirika jingine, kutoka pale hadi kwa dada yake. Ukizijumlisha zote mbili, zilikuwa nafuu kabisa. Na ndege ya pili ingeondoka muda si mrefu baada ya ile ya kwanza kutua. Barafu alifurahi kwamba asingepoteza muda kukaa akisubiri.

Mkewe alimuuliza, je, ya kwanza ikichelewa? Barafu alimjibu kwamba hao watu wa ndege wanajuana wenyewe kwa wenyewe. Wataambiana.

Ndege ya kwanza ilichelewa. Abiria walikaa ndani, mikanda imefungwa, wakaambiwa kuna taa moja inakaguliwa. Barafu hakuweza kumlaumu fundi mwenzake. Hata yeye asingekubali kuharakishwa. Lakini hakuacha kutazama saa.

Walipotua, alidhani bado anaweza kuwahi. Akafuata vibao vya abiria wanaounganisha ndege. Mfanyakazi aliyekuwa mlangoni aliitazama karatasi yake, akamwambia begi lake limeandikiwa kuishia hapo. Lazima aingie nchini, alichukue mwenyewe, halafu apande tena juu kuliandikisha kwa shirika la pili.

Barafu akajiunga na foleni ya uhamiaji. Ilikuwa ndefu, imejikunja kama utumbo. Akaomba viza ya kuingia, akagongewa muhuri. Akasimama kwenye mkanda wa mizigo akitazama mabegi ya wengine yakizunguka. Lake lilipotokea, alilinyakua akakimbia.

Alipofika kwenye kaunta ya shirika la pili, ilikuwa imefungwa. Mwanamke mmoja aliyevaa sare alikuwa anapanga makaratasi. Barafu alimweleza yote kwa pumzi moja: dada, mazishi, taa ya ndege. Yule mwanamke alimsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, kaka," alisema. "Ndege yako bado ipo chini, lakini milango imefungwa. Siwezi kukupandisha."

"Basi nipeni inayofuata."

"Tiketi hii haikuruhusu. Umechelewa kwa sababu ya shirika lingine, na sisi hatukuwa na habari kwamba unatoka huko. Kwenye kompyuta yetu unaonekana abiria ambaye hakufika tu."

Akamweleza kwamba kwa masharti ya tiketi ile, asipopanda sehemu ya kwanza, hata sehemu ya kurudi inafutwa. Akamshauri aulize shirika lililomleta. Barafu akaenda. Huko nako walimpa pole. Wakamwonyesha kwamba tiketi yao iliishia uwanja ule, nao walikuwa wamemfikisha. Kila mmoja alikuwa amemaliza kazi yake, na Barafu alikuwa amebaki katikati.

Ilibidi mkewe azunguke kwa ndugu na majirani kukusanya nauli ya tiketi mpya. Ilipopatikana, ndege yenye nafasi ilikuwa ya kesho yake, baada ya mazishi.

Saa ya mazishi ilimkuta Barafu amekaa sakafuni karibu na nguzo, begi ubavuni. Binti wa marehemu, mpwa wake, alimpigia simu, akaishika juu ili mjomba aone. Picha ilikatika mapema. Ikabaki sauti. Barafu alisikia upepo, kisha sepetu ikiingia kwenye udongo. Watu walipita mbele yake na vigari vyao vya mizigo. Aliweka simu sikioni hadi ikakatika yenyewe.

Alifika kwa shemeji yake siku iliyofuata. Alilikuta kaburi limeshafunikwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Aliporudi nyumbani, Barafu alibadilika. Alitengeneza friji za watu, akala, akalala, lakini maneno yalimwishia. Mzee hakumsumbua. Miezi ilipita. Siku moja, baada ya kutoka kliniki, Mzee alisema daktari hana matumaini makubwa na jicho la kushoto, na la kulia linafuata.

"Nataka nilione kaburi la mwanangu kabla sijawa kipofu," alisema. "Utanipeleka."

Barafu aliogopa. Alimwambia mkewe pembeni kwamba hawezi kumweka mzee yule katika foleni zile. Mkewe hakubishana naye. Alikwenda kumwita jirani yao wa nyumba ya pili, aliyefanya kazi katika ofisi ya kukata tiketi. Wengi walimwita Mama Tiketi.

Mama Tiketi aliketi, akamwomba Barafu amsimulie ilivyokuwa. Barafu, ambaye hakuwa amemsimulia mtu, akasimulia. Alipomaliza, Mama Tiketi alisogeza kiti chake karibu.

"Pole, shemeji," alisema. "Wewe uliona safari moja. Wao waliona safari mbili zisizohusiana. Hapo ndipo penye hatari yote."

Akaeleza taratibu. Ukinunua safari nzima katika tiketi moja, unapewa namba moja ya buking, yaani ya kuhifadhi nafasi. Ndege zinaweza hata kuwa za mashirika mawili tofauti, mradi yamekubaliana na yote yamo katika tiketi hiyo. Hapo begi kwa kawaida huandikwa hadi mwisho wa safari. Ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia nyingine bila wewe kununua tiketi upya. Lakini ukinunua mbili mbalimbali, kuchelewa ni juu yako.

Mke wa Barafu aliuliza mtu atajuaje, maana kwenye simu kila kitu kinaonekana kimoja.

"Swali zuri," alisema Mama Tiketi. "Kuna wauzaji wa mtandaoni wanaokuuzia tiketi mbili kwa malipo mamoja, na wewe unadhani ni moja. Kabla hujalipa, uliza: namba ya buking ni moja? Begi langu litafika hadi mwisho? Nikikosa ndege ya pili, nani atanipeleka? Asipokujibu vizuri, usilipe."

Barafu aliuliza, je, mtu akiwa hana uwezo na hana budi kununua mbili? Mama Tiketi alisema yapo mazingira hayo. Basi mtu huyo aache nafasi kubwa, hata alale mji wa katikati. Ahakikishe anaruhusiwa kuingia nchi ile. Abebe begi dogo la mkononi kama inawezekana. Na akikata bima, asome kama inalipa mtu akikosa ndege ya kuunganisha, kwa sababu nyingine hazilipi. Lakini kwa jambo lisilongoja, kama mazishi au matibabu, yeye asingethubutu.

Walijinyima, wakaomba viza, wakangoja hadi walipoweza. Mama Tiketi aliwakatia tiketi moja kwa safari yote, kwenda na kurudi. Alichagua ndege zenye nafasi ya kutosha katikati. Akaandika pia kwamba Mzee haoni vizuri na atahitaji kiti cha magurudumu. Mzee alisema miguu yake haina ugonjwa wowote. Mama Tiketi akamwambia akae tu asukumwe, maana ni mara ya kwanza kupewa dereva bure. Mzee alicheka kidogo.

Siku ya safari, ukungu ulitanda na ndege ikachelewa. Barafu akaanza tena kutazama saa. Walipotua, ndege ya pili ilikuwa imeshaondoka.

Safari hii hakukimbia. Mfanyakazi mmoja alikuwa akiwasubiri na kiti cha magurudumu. Aliwapeleka kwenye kaunta ya abiria wanaounganisha, ndani kwa ndani, bila kugusa foleni ya uhamiaji. Dada wa kaunta alisoma namba yao ya buking. Akawaambia wameshahamishiwa ndege ya jioni, mabegi yatawafuata huko huko, na hizi hapa karatasi za kuchukulia chakula bure. Barafu alizipokea, akamwomba arudie.

"Kuna tatizo?" Mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Hakuna tatizo."

Walifika. Kesho yake shemeji na mpwa waliwapeleka makaburini. Mzee alishikwa mkono na mjukuu wake hadi kwenye jiwe. Enzi za ujana alifanya kazi ya kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji. Sasa alipiga magoti, akapitisha vidole juu ya jina la binti yake, herufi moja moja, bila haraka.

"Wamelipanga vizuri," alisema. "Mistari imenyooka."

Barafu alikuwa amesimama nyuma, mbali kidogo, kama mtu asiyealikwa. Mzee aligeuza kichwa, akamtafuta kwa macho yake mabovu.

"Njoo ukae hapa karibu," alimwambia. "Umefika."

Barafu akaenda, akakaa chini kando ya baba yake. Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu dada yake afariki.