Chuma Kilichouma Mchana

Nyumba ya Othmani iko Soweto, jijini Mbeya. Anaishi hapo na mke wake Siwema na mama yake mzazi, Bi Shufaa. Othmani ana duka la vitambaa mjini. Hutoka asubuhi, hurudi jua likizama.

Umeme wa nyumba hiyo ni wa sola. Paneli hazikuwekwa juu ya paa, maana paa ni la zamani. Zimesimama uani juu ya fremu. Fremu ya kwanza ilikuwa ya mbao za Mafinga, na mvua za Mbeya zikaiozesha. Othmani akamwita fundi wa kuchomelea. Fundi akaunda fremu ya chuma, akaipaka rangi, akasimika nguzo zake kwenye zege. Paneli zikahamishiwa hapo. Othmani aliisifu fremu hiyo kwa kila mgeni.

Kando ya fremu kuna bomba la maji. Hapo ndipo Bi Shufaa hutawadha kabla ya kuswali. Ni mtu mzima, na magoti yanamsumbua. Akiinua mguu kuuosha, lazima ashike kitu. Alikuwa akishika nguzo ya fremu.

Siku moja alimwambia mwanawe, "Othmani, chuma chako kinaniuma."

"Kinakuuma vipi, mama?"

"Kama siafu mkono mzima. Nikishika tu, nashtuka."

Othmani akatoka uani na viatu vyake vya dukani. Jua lilikuwa limeshazama. Akashika fremu kwa mikono miwili, akaitikisa.

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Sasa hivi hakiumi. Alfajiri na Isha hakiumi. Ni Adhuhuri na Alasiri."

Othmani akacheka. "Mama, na chuma nacho kinajua saa za swala? Hiyo ni ganzi ya uzee. Nitakupeleka hospitali."

 Maneno yale yalimchoma Bi Shufaa. Othmani anampenda mama yake, sikatai, lakini siku hiyo hakumsikiliza. Tangu hapo mama hakulalamika tena. Akishika nguzo alifumba macho na kuvumilia. Moyoni alianza kuogopa kwamba akili inamtoka, na hofu hiyo ilimtesa kuliko maumivu.

Alasiri moja, mvua ilikatika na jua likawaka kali. Siwema alisikia kishindo uani. Akakimbia, akamkuta mama mkwe wake ameanguka kwenye maji. Midomo ilikuwa inatetemeka.

"Usiguse chuma, mwanangu," Bi Shufaa alisema kwa shida. "Usikiguse."

Siwema alimvuta mbali na fremu. Akampigia simu Othmani, kisha akamwita jirani yao Joyness, ambaye ni fundi umeme mwenye leseni. Wote wawili wakafika.

"Shikamoo, bibi. Pole sana," alisema Joyness. "Huwa kinakuuma saa ngapi?"

Bi Shufaa alimtazama mwanawe kwanza. Halafu akajibu polepole, "Adhuhuri na Alasiri. Alfajiri na Isha, hapana."

Joyness hakucheka. "Umesema kweli tupu, bibi. Paneli hutoa umeme jua likiwapo. Alfajiri na Isha hakuna jua."

Akapima fremu kwa kipimo chake. Uso wake ukabadilika.

"Chuma hiki kina umeme. Kinaweza kuua. Asikisogelee mtu."

"Lakini mimi nilikishika!" alisema Othmani.

"Ulikishika saa ngapi, kaka? Na miguuni ulivaa nini?"

"Jioni. Nilivaa viatu."

"Bibi alikuwa peku, ndani ya maji, mchana."

Othmani akainamisha kichwa. Kisha akauliza, "Fremu si imesimama ardhini? Hiyo haitoshi?"

"Haitoshi. Zege na rangi si njia ya kutegemea. Ona, ukingo wa chuma umekwangua waya mpaka ganda limetoka. Umeme unavuja kwenye fremu. Fremu ya chuma inahitaji ethi, yaani waya mnene wa kupeleka umeme ardhini. Ukivuja, upite huko, usipite kwenye mwili wa mtu. Lakini kwanza mpelekeni bibi hospitali. Aliyepigwa shoti lazima apimwe moyo."

Wakampeleka. Daktari akasema moyo uko salama.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, Joyness alianza kazi. Alizima swichi, kisha akafunika paneli kwa turubai zito.

"Kuzima swichi hakuzimi jua," alimweleza Siwema.

Alibadilisha waya uliokwanguka, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki. Kwenye viungo vya fremu alikwangua rangi, chuma kiguse chuma. Akaunganisha kila paneli na kila kipande cha fremu kwa waya wa kijani na njano. Waya huo akaufunga kwenye fimbo ndefu ya shaba, aliyoigongomelea chini mpaka kwenye udongo wenye unyevu. Akaiunganisha na ethi ya nyumba, ziwe kitu kimoja. Mwisho akaondoa turubai, akawasha swichi, akapima tena.

"Sasa iko sawa. Msijaribu kwa mkono, hiyo ni kazi ya kipimo. Niiteni niikague kila mwaka kabla ya mvua. Na radi ikipiga, kaeni mbali nayo hata kama ina ethi."

Bomba la maji nalo walilihamishia upande wa pili wa ua. Hapo Othmani alijenga ukuta mfupi wa mama kushika.

Saruji ilipokauka, Bi Shufaa alitawadha hapo Adhuhuri, jua la utosi. Alishika ukuta, akaosha mguu mmoja, akaosha wa pili. Hakushtuka. Othmani hakwenda dukani siku hiyo. Alimngoja mama yake amalize kuswali, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Ulinieleza kila kitu, hata saa. Nami nikakwambia umezeeka."

Bi Shufaa akamshika mkono.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini ujue, mwanangu, nilikuwa nimeshaanza kuyaamini maneno yako."