Sentimita Mbili za Mshono

Siku hiyo duka la vifaa vya shule lilijaa wazazi hadi mlangoni, na mkebe wa hesabu ulibaki mmoja tu. Mikono miwili ikaushika kwa pamoja. Mmoja wa fundi cherehani, gauni la buluu limemkaa sawasawa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Mwingine wa seremala aliyefuata bikari ya kuchorea meza za duara, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi.

Seremala akamuuliza fundi kwa upole mtoto wake yuko darasa la ngapi.

"Mtoto ndiyo mimi," alijibu fundi. "Una neno?"

Seremala aliuachia mkebe, akaomba namba ya simu.

Fundi alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hesabu za mtihani wa mwisho wa sekondari zilishamwangusha mara mbili, na chuo cha ualimu hakikutaki kama huna hizo. Amejiandikisha mara ya tatu, watu na waseme mpaka wachoke. Seremala, aliyewahi kufaulu hesabu vizuri, akajitolea kumfundisha kila Jumapili kwenye karakana yake.

Huko ndiko walikogundua ugonjwa wake. Kanuni alizijua, ila kila urefu aliojibu ulizidi kwa sentimita mbili. Seremala akamuuliza hizo mbili zinatoka wapi.

"Za mshono," alisema, kama anayeulizwa jambo la kijinga.

Seremala alicheka hadi akakaa chini kwenye maranda. Fundi naye akacheka, na alipoinama kumfuta vumbi usoni, alijua kwamba kapenda, tena kapenda kweli. Jumapili zilizofuata alizikata zile mbili moja moja, mpaka mkono ukazoea.

Wiki tatu kabla ya mtihani, simu ikalia. Alikuwa seremala.

"Mpenzi, achana na huo mtihani. Tuoane tu, mimi nitakutunza. Usije ukaumia mara ya tatu."

"Kumbe wewe pia huamini kama nitaweza."

Fundi akakata. Simu zake zote hakupokea tena. Alibandika kanuni ukutani mbele ya cherehani, akawa anashona na kukariri, na usoni machozi yanamtiririka. Kaka yake akamshauri aache kujiaibisha na mitihani, umri umeenda. Alimjibu kwamba umri utaenda hata akikaa bure.

Siku ikafika, akafanya karatasi yote, swali kwa swali. Alipotoka, seremala alikuwa getini, shati lake limefungwa vifungo upande.

"Nilikudanganya," akasema. "Sikuogopa ufeli. Niliogopa ufaulu, uende chuo, halafu mkata mbao umwone si kitu."

Fundi alikasirika, akamhurumia, akakasirika tena.

"Sijui kama nimefaulu. Nikifeli nitarudia. Nikifeli tena, nitarudia. Utasema nini?"

"Nitakuchongea penseli."

Hapo ndipo moyo ulipomlainika, lakini hakumwonyesha haraka. Akamwambia Jumamosi aje na wazee wake kuposa kwa kaka, ila mbele yao wote aseme anaoa mtahiniwa. Na ajaribu sasa hivi, amsikie.

"Naoa mtahiniwa," seremala akanong'ona.

Watahiniwa walikuwa wanapita, wengi wao rika la watoto ambao fundi huwashonea sare. Fundi hakuinamisha kichwa.

"Sijasikia. Rudia."