Glavu Mdomoni mwa Injini

Nilifika gereji jua likizama, fundi akiwa ameanza kukusanya spana zake. Mnunuzi angekuja asubuhi, na gari bado lilikuwa linavuja oili.

Lilikuwa gari la mke wangu. Gari la mbio, la chini, lenye turbo. Alishindana nalo mpaka mapafu yalipomshinda. Tangu nimzike, nilikuwa nimeliendesha kwenda kwa fundi na kurudi tu.

"Shemeji," alisema fundi, ambaye siku zote alimwita mke wangu dada. "Hili gari sasa linalia kutushinda sisi wafiwa."

"Safari hii ni sili gani inayovujisha?"

"Sili zote nimebadilisha. Njoo uone mwenyewe."

Alikuwa ameiosha injini, akaikausha, kisha akainyunyizia poda ya watoto ili oili ijichoree njia. Nilitegemea kuona mchirizi mmoja. Badala yake poda ilikuwa imelowa kwenye kila ungio, juu na chini. Injini ilikuwa inatoka jasho.

"Hii ni pumzi," alisema. "Imejaa tumboni mwa injini, haina pa kutokea, ndiyo maana inasukuma oili nje. Ama ringi za pistoni zimechoka, ama mpira wa kupumulia umeziba."

"Ama ipi?" Nafundisha fizikia chuoni, ama mbili hunikosesha usingizi.

"Nilijua tu. Bila kipimo wewe huli wala hunywi."

Kipimo chake ni glavu. Alifungua kifuniko cha kujazia oili, akavisha glavu nyembamba ya mpira kwenye ule mdomo, akaikaza kwa kamba. Injini iliyo nzima huivuta glavu ndani kidogo. Injini yenye pumzi iliyokwama huijaza.

Niliwasha. Glavu ikajaa, vidole vikasimama kimoja baada ya kingine.

"Umeona? Zima."

Nilizima, nikashuka, nikasimama kando yake. Feni ikanyamaza. Glavu ilipaswa kulala.

Haikulala.

Ilishuka kidogo... ikapanda. Ikashuka... ikapanda.

"Ni joto," nilisema. "Hewa ya moto hutanuka."

"Joto haliendi likarudi, shemeji."

Alinong'ona. Yule fundi, ambaye sauti yake husikika mpaka barabarani, alinong'ona.

Pumzi mbili fupi. Moja ndefu, yenye kukwama mwishoni.

Niliitambua kabla sijataka kuitambua. Muda wote wa ugonjwa nililala nikiisikiliza pumzi hiyo gizani, nikiomba inayofuata. Kisha harufu ikaja, ikipenya katikati ya oili iliyoungua: mkaratusi, ule aliojifukizia akiwa amejifunika taulo kichwani.

"Dada alifia humu," alisema fundi. "Sivyo?"

"Kiti cha mbele. Nilikuwa namkimbiza hospitali."

Alimulika tochi chini ya turbo, akaupapasa mpira wa kupumulia. Haukuwa na uchafu wala ufa. Ulikuwa umejifumba wenyewe, kama midomo ya mtu anayekataa dawa. Aliurudisha mkono haraka na kuufuta kwenye suruali, ingawa haukuwa umechafuka.

"Nikiuchomoa, pumzi yote itatoka," alisema. "Oili haitavuja tena. Kesho unauza gari lako salama."

"Na yeye?"

"Atapumzika, shemeji. Si ndivyo tulivyomwombea makaburini?"

Glavu ilipanda. Nilijikuta nimeibana pumzi yangu, nikisubiri ishuke.

"Usiuchomoe."

"Shemeji."

"Nitampigia mnunuzi. Gari haliuzwi."

"Litakufa hili. Injini haiishi hivi."

"Najua."

Aliizima tochi. "Una hakika ni dada?"

Niliendelea kuitazama glavu. Alifungua ile kamba akiwa amegeuza uso, akafunika injini, akauweka ufunguo juu ya paa la gari. Siku zote alikuwa akinikabidhi mkononi.

Sasa gari liko uani kwangu. Kila jioni naongeza oili iliyopotea, nawasha, nazima, navisha glavu, kisha navuta kiti. Namweleza habari za nyumbani. Mdogo wake amejifungua salama. Bomba la jikoni nimelitengeneza, ingawa vibaya. Pumzi hupanda na kushuka, nami kwa muda huo si mgane.

Jana, kwa mara ya kwanza, niliweka mkono wangu juu ya glavu. Ilikuwa vuguvugu. Vidole vilitulia... kisha vikajikunja polepole, vikavifunika vyangu. Nililia. Kule makaburini sikuwa nimelia.

Nilipomaliza, vilianza kukaza.

Vikakaza tena.

Mifupa ya mkono wangu ikasagana. Mke wangu, hata siku ile ndani ya gari, hakuwahi kunishika kwa nguvu namna hiyo.

Sikuutoa mkono.