Chai Tamu ya Mkurugenzi

Maiti ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, imefunikwa blanketi magotini, na kichwani imevishwa kofia ya karatasi yenye vitone vyekundu.

"Nani kamvisha hii?" Inspekta aliuliza.

"Mimi mwenyewe, afande," mkurugenzi wa kituo alijibu kwa sauti ya asali. "Leo tulikuwa na wageni. Watoto wangu wote nimewavisha."

"Watoto?"

"Wazee hawa. Mimi huwaita watoto wangu. Si unajua, uzee ni utoto wa pili."

Inspekta, mwanamke mfupi wa makamo mwenye viatu vilivyochoka, alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye mchuzi. Marehemu alikuwa refa wa mpira mstaafu. Enzi zake aliwatoa uwanjani wanaume waliomzidi kimo na kifua, uwanja mzima ukimzomea, na hakurudisha kadi mfukoni. Hapa kituoni wenzake walimwita Refa. Sasa alikuwa amekufa na kofia ya karatasi kichwani. Inspekta aliivua, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Siku zake zilifika, afande," mkurugenzi aliendelea. "Kifo cha kawaida. Nimeshaita gari la kumchukua. Sijui hata nani aliwasumbua ninyi."

Inspekta alikuwa akiutazama ukumbi. Redio ilikuwa imezimwa. Meza ya drafti ilikuwa imepangwa, hakuna kete iliyosogezwa. Kwenye viti karibu vyote vilivyobaki wazee walikuwa wamelala fofofo, videvu vifuani, kofia za karatasi zimewaegemea masikioni. Ilikuwa asubuhi, jua bado halijafika juu.

Ukutani palibandikwa picha za bata zilizopakwa rangi.

"Hizi ni nini?"

"Shughuli za kuchangamsha ubongo." Mkurugenzi aligusa bata mmoja kwa fahari. "Huyu alipakwa na mhandisi wa madaraja. Mwone, hajavuka mstari hata kidogo!"

Daktari wa polisi aliinuka kutoka penye maiti na kumvuta Inspekta pembeni.

"Sipendi rangi ya midomo hii," alinong'ona. "Na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Huyu pumzi ilimwisha polepole. Ni dawa kali hiyo."

"Na hao wengine?"

Daktari alimfunua jicho mhandisi wa madaraja. Uso wake ulibadilika.

"Ita ambulensi. Wote hawa. Sasa hivi!"

Mkurugenzi alianza kulalamika kwamba watoto wake wataamshwa vibaya. Koplo alimwomba akae chini. Hakumwomba mara ya pili.

Wazee walipokuwa wakitolewa kwa machela, Inspekta alimkuta mwanamke mmoja aliye macho, kwenye kiti kilichopakana na cha marehemu. Alikuwa mjane aliyefuma kofia za sufu mwaka mzima, wenzake wakambandika jina la Bibi Kofia. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika upindo wa lile blanketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye polisi? Nilimwomba mpishi apige simu. Nilidhani wataleta mtu mrefu."

"Wamenileta mimi. Bibi, mbona wewe hukulala?"

"Sikunywa chai. Yangu aliinywa yeye."

Inspekta alivuta kiti.

"Nieleze taratibu."

"Refa alikuwa ameshuku kitambo. Aliniambia, 'Wewe mwanamke, kofia ya mjukuu wako haiongezeki. Tangu tuanze kupewa chai hii, unalala na sindano mkononi.' Leo akasema nisinywe. Nikibaki macho na wengine wakalala, basi tumemkamata mkurugenzi."

"Kwa nini basi yako hakuimwaga?"

"Angeimwaga wapi? Mkurugenzi husimama hapo mpaka tumwonyeshe vikombe vitupu, kama watoto wa chekechea. Alipogeuka tu, Refa akakinyakua kikombe changu, akakigugumia. Akaniambia, 'Mimi nimetukanwa na watu elfu kumi, chai itanifanya nini?'" Alitabasamu. "Ilikuwa chungu, ile chai. Sukari tele, na bado chungu."

"Halafu?"

"Akaanza kukoroma. Lakini si kukoroma kwa usingizi. Anavuta, anakata, anavuta, anakata. Nikamwita mkurugenzi. Nikamwambia, mwenzangu hapumui vizuri huyu. Akamwinamia, akamtazama kabisa, mwanangu, usoni. Akaniambia, 'Usimwamshe mwenzio, bibi. Wageni wako mlangoni.' Ndipo akamvika ile kofia, akaenda kuwapokea."

Inspekta alisimama na kwenda jikoni.

Mpishi alikuwa akilia kwenye aproni yake.

"Chai napika mimi, afande, sikatai. Lakini sukari haitoki mkononi mwangu. Anatia yeye, kwa kopo lake. Anasema ni heshima, mwana kumtilia mzazi wake sukari."

"Kopo liko wapi?"

"Kabatini kwake ofisini. Ufunguo anao shingoni."

Inspekta alimwomba mpishi kikombe kimoja cha chai na sukari ya kawaida ya jikoni. Akakibeba hadi ofisini, ambako mkurugenzi alikuwa amekaa chini ya picha zake mwenyewe, nyingi, akipeana mikono na watu.

"Mpishi ametutengenezea chai," Inspekta alisema. "Amesema ni ile ile ya wazee. Kunywa, umechoka."

"Asante, sina kiu."

"Kidogo tu."

"Nimesema sina kiu!"

"Umekaribishwa chai na unatokwa jasho. Kuna nini humu, mkurugenzi?"

"Daktari wangu amenikataza sukari."

"Nani amekwambia ina sukari?"

Inspekta alikiinua kikombe, akakinywa chote huku akimtazama, akapangusa midomo.

"Sukari ya dukani. Tamu. Sasa nipe huo ufunguo, kabla Koplo hajaufuata huko shingoni."

Kabatini walikuta kopo la sukari iliyochanganywa na unga mweupe, na kinu kidogo cha kutwangia ambacho bado kilikuwa na vumbi. Nyuma yake zilipangwa chupa za vidonge vikali vya maumivu, kila moja na jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Familia zilikuwa zimezileta zenyewe, zikiamini kituo kitazikabidhi hospitali.

Kesho yake majibu ya mkemia yalifika: dawa ile ile kwenye kopo, kwenye kinu na kwenye damu ya marehemu. Alama za vidole zilikuwa za mtu mmoja. Katika chumba cha mahojiano, baada ya kusomewa maelezo ya Bibi Kofia, mkurugenzi alijaribu kwanza kumsingizia mpishi, kisha uzee, kisha Refa mwenyewe.

"Nani alimwambia anywe vikombe viwili?" alifoka.

"Kwa hiyo unajua kimoja kilikuwa na nini."

Hapo akanywea.

"Ilikuwa ya kuwatuliza tu. Jana niliongeza kidogo, kwa ajili ya wageni. Sikutaka afe."

"Ulimwona anakata roho."

"Wageni walikuwa mlangoni!" Alisema hivyo kama mtu anayetaja msiba. "Wewe huwajui wazee wale. Mmoja anasimulia daraja lake kila siku, daraja lile lile. Wanagombea dirisha. Wanaimba. Wageni wa kwanza kabisa walipokuja, kizee kimoja kikawaambia chakula chetu hakina chumvi. Mbele yangu! Nilipoanza ile chai, kila mtu alitusifu. Kituo chenye utulivu kuliko vyote. Nikaalikwa kutoa hotuba kwenye semina."

"Ulihutubia nini?"

Mkurugenzi alitazama meza.

"Kuwaheshimu wazee."

Inspekta alimsukumia maelezo ayatie sahihi, kwa ncha ya kidole, kama anayesukuma kitu kichafu. Hakuwa na swali jingine.

Jioni alipita hospitalini. Wazee wote waliopelekwa walikuwa wameamka. Bibi Kofia alikuwa kwenye benchi la wodi, akingoja kuambiwa.

"Amekiri?"

"Amekiri, bibi."

"Alituchukia kwa lipi? Tulimkosea nini?"

Inspekta alitafuta neno laini, akalikosa.

"Amesema mlikuwa mnapiga kelele."

Bibi Kofia aliwaza kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kosa lake.

"Kelele?" alisema mwishowe. "Tulikuwa tunazungumza, mwanangu."