Kikapu cha Ukindu Mbichi

Kila alasiri, akishachota maji na kufungia ndama, Wankyo alikaa na shangazi yake Dorkas kusuka ukindu. Katika kijiji chao cha ujamaa, huko Suguti, hakuna aliyemshinda Dorkas kwa vikapu. Hata ng'ombe wa kuchezea aliwasuka, wenye pembe na mkia!

Msimu wa kupanda ulikaribia. Mama yake Wankyo alikuwa amejifungua, kwa hiyo Wankyo ndiye angepeleka mbegu yao ya mtama kwenye shamba la kijiji. Mbegu yenyewe ilikuwa hiyo tu. Mtama mwingine walishaula.

"Kikapu nitasuka mwenyewe," alisema kwa maringo.

Lakini wenzake walikuwa wakicheza rede, na moyo wake ukawa huko.

"Ukindu wako umekauka?" Dorkas alimuuliza.

"Umekauka, shangazi."

Thubutu! Ulikuwa mbichi kabisa. Aliusuka hivyo hivyo, akakitundika kikapu jikoni, akakimbilia mchezo.

Siku ya kupanda, aliona mianya kwenye kitako cha kikapu. Aa, midogo tu, akajisemea. Akajaza mtama, akajitwika, huyoo!

Njiani akasikia kicheko nyuma yake. "Wee Wankyo!" aliita jirani yao, Jenoveva. "Kuku wote hao umewaalika harusini?"

Wankyo akageuka. Masikini! Mtama ulikuwa umemwagika njia nzima, kuku wanadonoa. Akaketi chini akalia. "Mbegu ya mama! Sasa tutapanda nini?"

Jenoveva na wanawake wenzake wakafukuza kuku, wakaokota punje na kuzikusanya kwenye khanga. Hazikutosha. Basi kila mmoja akachota konzi ya mbegu yake mwenyewe, akamwongezea. Hakuna aliyemgombeza. Wankyo alijaa shukrani.

"Asanteni sana, mama zangu," alisema. Walipofika shambani, akamwendea Dorkas, akamsimulia yaliyotokea njiani. "Shangazi, nilikudanganya. Ukindu ulikuwa mbichi."

Dorkas akakigeuza kikapu mikononi. "Ukindu mbichi unanyweaga ukikauka, mwanangu, ndiyo maana mianya imefunguka. Mimi ulinidanganya nikadanganyika, lakini kazi haidanganyiki. Mshukuru Mungu una majirani. Hiyo waliyokupa ni chakula cha watoto wao. Ukisuka tena, likumbuke hilo."

Wankyo akafuta machozi, akainama kupanda. Hakujua punje ipi ni ya mama na ipi ni ya jirani, akazifukia zote kwa uangalifu ule ule.